Sifuri ya Mto Lukwambe

"Sifuri nayo huulizwa ilikotekwa." Mmeisikia sokoni mkacheka, vijana, sasa mnataka asili yake. Methali hii ilianza hivi, na msidhani waliohusika tumewasahau.

Kiwanda cha ngozi kilikuwa kikimwaga maji yake machafu katika mto Lukwambe. Zamoyoni, mama wa kule bondeni, aliona miguu ya binti yake ikibabuka kila atokapo kuteka maji. Watu walipiga kelele hadi kiwanda kikaleta mashine ya kupima maji. Yenyewe hunyonya maji vichupani, ikayamulika. Sumu ikiumeza mwanga, namba hupanda. Mkono wa mtu haugusi.

Siku ya kupima, maabara ya kiwanda ilifurika watu. Zamu ya kichupa cha maji ya mto ikafika. Kioo kikaandika: sifuri.

"Mmeona?" akasema Bwana Mkude, mkuu wa maabara. "Mto safi. Mama, kamwogeshe mtoto, uache siasa."

Watu wakapiga makofi. Makofi! Zamoyoni akajiuliza. Kumbe vidonda vile kaviota? Akatoa kapuni chupa ya maji ya mvua, ambayo ndiyo pekee aliyomnywesha binti yake siku hizo.

"Mwanangu, nipimie na haya," akamwambia Tabitha, fundi wa mashine.

Mwanga ukapita. Tabitha akaganda.

"Chini ya sifuri," akanong'ona. "Haiwezekani! Maji gani haya yaliyo safi kuupita usafi wenyewe?"

"Mashine imelewa," Mkude akacheka.

"Hailewi, bosi. Kabla ya kupima huwa tunaionyesha maji safi, ndiyo iyaite sifuri. Leo ndoo ya maji hayo umeniletea mwenyewe. Uliteka wapi?"

Zamoyoni akachota bilauri moja kutoka ndoo ile, akampelekea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyokaribishwa.

"Karibu sifuri, baba."

Mkude akarudi nyuma, akarudi tena, hadi mgongo ukagonga ukuta. Tabitha akajiziba mdomo. Waliopiga makofi wakabaki wanaitazama mikono yao. Mto ulikuwa umepimwa kwa mto!

Tangu hapo, akija mkubwa na karatasi yake kutuambia hakuna sumu, hakuna njaa, hakuna aliyepigwa, watu wa Lukwambe hawabishani naye. Humsogezea bilauri, wakamwambia: sifuri nayo huulizwa ilikotekwa.