Majivu ya Pango la Mboni

Hapo zamani za kale, jua lilipokuwa bado halijaajiriwa, wanyama wote waliona kwa mwanga wa Pango la Mboni. Ndani yake waliishi vimulimuli, maelfu kwa maelfu, wamejipanga ukutani. Msinicheke, jua nalo lilianza kazi siku moja.

Pango lililindwa na kenge saba wenye mikia minene, na mkubwa wao aliitwa Afande Kenge. Kazi yao ilikuwa kufukuza adui na kuondoa maiti kwa kuwala. Wasije wakakosea, kimulimuli akifa jirani yake alimpaka majivu mgongoni. Kenge humjua mtu kwa ulimi. Akionja majivu, lap! Basi.

Majivu hayo aliyachekecha Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na miguu isiyotulia, aliyekaa kwenye ufa karibu na mlango. Shoga yake alikuwa Kimete, kimulimuli wa katikati ya ukuta.

Mwaka mmoja vimulimuli wa pembeni wakaanza kufa. Ulikuwa ugonjwa wa kuzaliwa nao, hakuna aliyewaroga. Wakapakwa majivu, kenge wakaja. Lakini maiti walizidi, na kenge wakaingiwa na hofu.

"Humu ndani mna adui," alinguruma Afande. "Msakeni!"

Wakakimbia huku na huku, mikia ikipiga lundo la majivu ya Bi Sange, pwaa! pwaa! Vumbi likatimka, likawaangukia wagonjwa, likawaangukia na wazima.

"Niko hai, afande," kimulimuli mmoja alilia.

"Majivu hayasemi uongo."

Lap!

Bi Sange alichungulia kutoka ufani mwake. Majivu yale aliyachekecha yeye. Na kwa kuwa vimulimuli wa pembeni ndio waliomulika pembeni, huko nje pembeni kote kulikuwa giza; swala waliona mbele tu, ubavuni hawakuona kitu, na chui alishalijua hilo.

"Dada," Kimete aliita kwa sauti ndogo, "nimeshapakwa?"

Bi Sange akatazama. Vumbi lilikuwa limemfika begani, na Kimete hakuweza kujipangusa mwenyewe. Kenge alikuwa hatua tano tu kutoka pale.

"Kidogo. Tulia hapo hapo."

Awafukuze kenge? Maiti wangeoza na nyoka wangeingia. Walinzi walihitajika, na walinzi hao hao ndio waliokuwa wakiwamaliza. Akatoka ufani, tititi, roho mkononi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sema upesi."

"Adui nimemwona. Amejizika ndani ya lundo la majivu. Ni mkubwa mno, vijana wako hawamwezi."

"Mimi namweza," alisema Afande, akajitupa lundoni kichwa mbele. Akachimba, akagaagaa, akapiga chafya. Alipoibuka alikuwa mweupe kuanzia pua hadi mkia.

Bi Sange akawageukia wale sita. "Jamani, maiti huyu hapa! Ana majivu mwili mzima."

Ndimi sita zikamwelekea. Lap! Lap!

"Acheni! Ni mimi, mkuu wenu! Niko hai!"

"Majivu hayasemi uongo, afande," alijibu mmoja, akaung'ata mkia na kuukata ncha.

Afande akalia. Alilia kweli, machozi yakachora mistari kwenye majivu. "Bi Sange, waambie!"

"Na wale vimulimuli walisema hivyo hivyo, afande. Nyinyi, muulizeni jina kwanza."

Wakamuuliza. Akalitaja mara tatu. Wale sita wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakageuza shingo kuuangalia ukuta wa pembeni uliobaki mtupu.

Tangu siku hiyo kenge hauli mwili wenye majivu kabla hajauliza jina mara tatu na kusikiliza. Bi Sange akampangusa Kimete begani kwa pua yake ndefu, na Kimete akaendelea kuwaka. Waliomezwa hawakurudi, na pembeni kulibaki giza mpaka jua lilipokuja kuajiriwa.

Mlinzi akiendeshwa na hofu, huwamaliza wale wale aliowekwa kuwalinda.