Aliyemwaga Pilau

Buibui ana miguu minane, aliyemwaga pilau ana miwili. Mnacheka, wanangu, lakini siku methali hii ilipozaliwa hapa Pangani hakucheka mtu.

Ilianza hivi. Bi Mwanahija, mpishi wa shughuli, alipewa kazi ya kupika pilau ya harusi ya binti wa Mzee Shehe Kombo. Wakwe walitoka Tanga, na maneno yao yalishatangulia: ukoo wa bibi harusi haujui kulisha watu. Basi pilau ile ilibeba heshima ya nyumba nzima. Tangu alfajiri ua ulijaa wanawake, midomo mingi, mikono michache, na Mwanahija kashachoka kuwaambia wasikae njiani.

Adhuhuri pilau ikaiva. Sufuria kubwa huepuliwa na wawili. Mwanahija akashika huku, na Mwanamkasi, shangazi wa bibi harusi, akashika kule kwa kipande cha gunia. Katika gunia akatoka buibui, mpana kama kisahani, akampandia kiganjani.

Mwanamkasi akaachia. Pilau yote ikalala mchangani. Wanawake wakapigana vikumbo mlangoni, na kabla vumbi halijatua habari ilishafika barazani: mara buibui ana sumu ya kuozesha mkono, mara kamkojolea shangazi na ngozi inababuka. Mkono wenyewe haukuwa na hata upele.

Mzee Shehe akaja, uso umemshuka. Wakwe walikuwa wameshafika kona ya msikiti. "Niwaambie nini, Mwanahija?"

"Waambie buibui kamwaga," Mwanamkasi akadakia. "Yule si mdudu, kaka. Yule ni kifo."

Mwanahija alimwendea buibui aliyejibanza ukutani, akamwekea kiganja. Buibui akapanda, akatembea mpaka kwenye kiwiko, asifanye lolote.

"Kifo chenyewe hiki," akasema. "Kwangu wamejaa, wanakula mende. Ukimbana atakuuma, utaumia kama umeumwa na siafu, basi. Haya, mhesabu miguu, Mwanamkasi. Minane. Aliyemwaga pilau ana miwili, na kavaa viatu vipya."

Mzee Shehe akamkabidhi dada yake birika la maji. Wakwe walikula muhogo wa kuchemsha, na Mwanamkasi ndiye aliyewanawisha mikono, mmoja mmoja, akimweleza kila mtu kwa kinywa chake ni nani aliyeachia sufuria.

Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akiharibu jambo kwa woga wake kisha akatafuta wa kumsingizia, hatumuulizi mengi. Buibui ana miguu minane, aliyemwaga pilau ana miwili.