Mfalme Aliyesindikiza Wageni

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na kiti.

Kikakaliwa.

Nani alikikalia?

Tuambie wewe, sisi tuko chini.

Basi tulieni huko huko chini, na wewe uliye nyuma acha kusinzia, maana ngano hii ina jeshi ndani yake.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na serikali zao na binadamu hajaanza kuwaiga, palikuwa na kisiwa kikiitwa Mchangamle. Mfalme wake alikuwa Kobe. Watu walimwita Mwinyi Kobe. Mkewe alikuwa Bi Kasa, aliyetoka baharini akaja kuolewa nchi kavu, mwanamke wa maneno machache. Na jeshi la kisiwa lilikuwa kaa, elfu na ushei, chini ya Jemadari Magando.

Kaa hao waliishi topeni, nyuma ya ikulu, kwenye mikoko. Msiniambie kaa wanapenda tope. Mmewauliza lini? Walitaka jambo moja tu: mfalme aende akaone wanavyoishi, kisha awape mchanga mkavu. Kila mwaka Jemadari alikwenda ikulu kumwambia. Kila mwaka Mwinyi Kobe alimjibu, "Nimekusikia, Jemadari. Nitakuja nione kwa macho yangu. Ila miguu yangu, si unaijua."

Jemadari aliambiwa hivyo miaka saba.

Mwaka wa nane hakwenda tena. Alisimama sokoni, mbele ya kila mtu, akasema, "Mwezi ukiandama, kiti kile nitakikalia mimi."

Mwinyi Kobe aliposikia, moyo ulimwenda mbio, jambo ambalo miguu yake haikuwahi kufanya. Kiti kile alikirithi kwa babake. Akikikalia alikuwa mfalme. Akishuka, alijua vizuri, alikuwa kobe tu kama makobe wengine ambao watoto huwaruka wakipita.

Habari zikavuka bahari. Majirani wakashtuka. Hawakushtuka kwa kumpenda Mwinyi Kobe. Walishtuka kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na jeshi kwake. Wakasema watatuma wajumbe kusuluhisha, mmoja baada ya mwingine.

Hapo Mwinyi Kobe akafurahi hata akasahau kuogopa, maana wajumbe ni wageni. Na Mchangamle mgeni haachwi aondoke peke yake. Lazima asindikizwe. Mtu wa kawaida humfikisha mgeni mlangoni. Muungwana humfikisha njia panda. Mwinyi Kobe alitaka asemwe huko ng'ambo kwamba kwa kusindikiza hana mfano.

Mjumbe wa kwanza alikuwa Kiboko. Alikwenda topeni akapiga kelele hata mikoko ikatikisika. "Wewe Magando! Ukikigusa kiti kile, nitakuja na ndugu zangu tukukalie."

"Nimesikia, mkubwa wangu," akasema Jemadari. "Lakini sisi hatuendi mbele."

"Hamwendi mbele?"

"Umewahi kumwona kaa akienda mbele?"

Kiboko akawatazama. Kweli, kaa wote walikuwa wakienda upande. Akarudi ikulu, akaketi kwenye sinia la wali, akasema mdomo umejaa, "Mambo shwari, Mwinyi. Hawaendi mbele."

Alipoaga, Mwinyi Kobe akaanza kushuka ngazi nyuma yake.

"Bwana," akasema Bi Kasa, "Kiboko ana miguu minne, na njia anaijua."

"Nikibaki, watu watasemaje?"

"Watasema uko nyumbani."

Mwinyi Kobe akaenda. Taratibu, taratibu, mpaka kisimani. Aliporudi alikuta jeshi limetoka topeni, limepanga safu chini ya minazi.

"Mnakwenda wapi?" akauliza.

"Hatuendi, Mwinyi. Tumesogea kando kidogo."

Akaridhika. Kando si mbele.

Mjumbe wa pili alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na karatasi ndefu kuliko shingo. Huyo hakupiga kelele. Alikaa na Jemadari siku tatu. Siku ya kwanza walijadili nani atakaa kivulini. Siku ya pili walijadili kivuli kikihama itakuwaje. Siku ya tatu waliandika: Jeshi la Mchangamle halitapiga hata hatua moja kwenda mbele.

"Niletee wino," akasema Jemadari. Alitia sahihi kwa gando la kulia, kisha kwa gando la kushoto. Korongo alisema hajawahi kukutana na mtu mwepesi wa kukubali kama huyu.

Mwinyi Kobe akamsindikiza Korongo. Taratibu, taratibu, mpaka njia panda, na Korongo, ambaye angeweza kuruka, akatembea kwa adabu. Aliporudi alikuta jeshi limejaa uani, kwenye kamba za nguo.

"Na hapa?"

"Kando, Mwinyi. Karatasi tumeisoma."

Mjumbe wa tatu alikuwa Kima. Yeye alileta zawadi, kofia nyekundu yenye shada la dhahabu, akamvisha Jemadari mwenyewe. Akaja ikulu anacheka. "Mtu akishakuwa na kofia kama ile, ikulu ataitakia nini?"

"Ataitakia mahali pa kuivulia," akasema Bi Kasa. Wanaume wakacheka, wakasema Bi Kasa ana utani.

Basi ikapikwa karamu ya amani. Kiboko akarudi, Korongo akarudi, wakaungana na Kima. Walikula kuku, wakala pilau, wakala na mboga iliyowekwa kwa ajili ya wenyeji. Walisifiana mpaka alasiri. Kisha wakainuka wote watatu kuaga, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwezi kuandama.

Bi Kasa akamvuta mumewe pembeni. Safari hii hakufanya utani.

"Bwana, nimeacha bahari nzima kwa ajili yako na sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Mlango wetu ni mwembamba. Ukisimama hapo katikati, gamba lako linauziba, hapiti kaa hata mmoja. Agana nao hapo hapo mlangoni. Leo tu."

Mwinyi Kobe akamtazama mkewe. Alimpenda, na aliogopa, na alijua anasema kweli. Akaenda mlangoni, akasimama katikati. Gamba likagusa miimo huku na huku. Hakupita hata upepo.

Kima akakohoa nje. "Haidhuru, Mwinyi. Kule kwetu tumesikia sifa zako za kusindikiza, lakini haidhuru. Watu huongeza chumvi."

Mwinyi Kobe akasikia uso unawaka. Akageuka kwa mkewe. "Nafika pwani tu," akasema.

Akashuka. Taratibu, taratibu, akapita kisima, akapita njia panda, akafika pwani, maji yakamlowesha miguu. Wajumbe wakamwambia hawajaona mwenyeji kama yeye tangu wazaliwe. Machozi ya furaha yakamtoka. Akawapungia mpaka hawaonekani.

Aliporudi, mwezi ulikuwa umeandama, mwembamba juu ya ikulu. Kaa walikuwa kwenye ngazi, kwenye madirisha, kwenye masufuria ya karamu. Bi Kasa alikuwa ameketi nje juu ya kifurushi cha nguo. Ndani, juu ya kiti, alikuwa Jemadari Magando, na kofia yake nyekundu.

"Ulitia sahihi," akasema Mwinyi Kobe. "Ulisema hutakwenda mbele."

"Sikwenda mbele, Mzee. Tumeingia kwa ubavu, wote. Waulize."

Na aliitwa Mzee, si Mwinyi. Hilo lilimchoma kuliko yote.

"Jemadari, mimi nilitaka kuja topeni. Wallahi nilitaka. Ila miguu yangu..."

"Toka hapa mpaka topeni ni hatua mia nne," akasema Jemadari. "Toka hapa mpaka pwani ni hatua elfu mbili na zaidi. Tulikuwa tukikutazama."

Mwinyi Kobe akaitazama miguu yake, ingali na mchanga wa pwani.

Jemadari akateremka kitini, akamtembeza hadi mlangoni kwa heshima zote. Kwenye kizingiti akasimama.

"Nitakufikisha hapa tu," akasema. "Utanisamehe. Mimi sitoki mlangoni."

Kobe na Bi Kasa wakaenda kuishi ukweni, ufukweni kabisa, na nyote mnajua mwanamume anayeishi ukweni hulala na kuamka vipi. Bi Kasa hakumwambia hata siku moja, "Nilikwambia." Alimwangalia tu.

Na wale wajumbe? Walirudi siku ya tatu. Kiboko alimsifu mfalme mpya kwa utulivu wake. Kima alimkumbusha kofia imetoka wapi. Korongo alileta karatasi ile ile, amefuta jina moja na kuandika jingine. Walipoaga, walingoja kidogo ngazini kuona kama watasindikizwa. Mfalme mpya aliwapungia gando akiwa mlangoni.

Basi, mnaonisikiliza, mafunzo ni haya. Ukiwa na miguu ya kumfikisha mgeni pwani, uwe nayo pia ya kumfikia aliye nyuma ya nyumba yako. Na mtu akikuapia kwamba haji mbele, muulize anakuja kwa upande gani.

Ngano yangu imefika mlangoni, na mimi nami siisindikizi. Anayeitaka aichukue aende nayo kwao, asiyeitaka aiache hapo kizingitini, atakayepita ataiokota.