Jina la Pumzi la Asumini

Kabla sijafungua mdomo, nani kati yenu ana kikombe cha chai mkononi? Kiweke chini. Usikimwage, kiweke tu, tutakirudia mwishoni. Haya, sogeeni. Leo sisimulii ili mlale vizuri. Nina hasira, na mwenye hasira kunishinda ni mama mmoja wa kijiji cha Lumangu anayeitwa Mwasiti. Yeye ndiye aliyenibebesha mzigo huu, na mimi nawabebesha ninyi.

Huko Lumangu kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Siwema, muuza maandazi wa mbele ya shule. Kipaji chake kilikuwa pua. Siwema alinusa moshi akakwambia huu ni wa mabua ya mahindi, huu wa majani ya mpunga, na ule wa miwa, tena akakutajia shamba la nani. Ukipita mbele yake anajua umekula nini na umekula kwa nani, na mdomo wake haukuwa na breki.

Wa pili ni Lipala, mkata miwa wa misimu kumi na miwili. Kipaji chake kilikuwa mapafu. Wenzake wakishindana kuzama kwenye mfereji wa kumwagilia, wote waliibuka, wakajikausha, wakaanza kuulizana nani ataenda kumwambia mama yake Lipala. Hapo ndipo Lipala anatoa kichwa majini na kuwacheka.

Wa tatu ni Mzee Matimbwa, mwenye shamba linalopakana na shule. Kipaji chake kilikuwa moto. Alirusha vumbi juu akasoma upepo, akawasha kona hii, akawasha kona ile, na moto ukala miwa ukaenda kusimama pale alipotaka usimame. Kila aliyetaka kuchoma shamba lake alimwita yeye.

Asiyeijua miwa nimweleze kidogo. Kabla ya kukatwa, shamba huchomwa. Majani makavu yanaisha, nyoka wanakimbia, inabaki miwa mitupu ambayo panga linaipitia haraka. Kwa mkataji ni nafuu. Kwa wengine wote ni balaa. Tangu Juni hadi mvua za vuli, Lumangu haina mbingu. Masizi yanadondoka kwenye ugali, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maji ya kunywa. Watoto wanapenga kamasi nyeusi. Ukiuliza, watu wanakujibu, "Ndio msimu wenyewe."

Msimu! Mwasiti alilichukia neno hilo. Mvua ni msimu, lakini hakuna anayeiwasha mvua kwa kiberiti.

Alikuwa na sababu. Mtoto wake wa pekee, Asumini, wa miaka saba, alikuwa na pumu. Kila ulipofika wakati wa kuchoma, kifua cha mtoto kilipiga mluzi, mama akakaa naye akimsugua mafuta ya mkaratusi, akihesabu pumzi moja moja. Kwa miaka miwili Mwasiti alikwenda ofisi ya chama cha wakulima wa miwa, akafukuzwa, akarudi, akaitwa mkorofi, akarudi tena. Mwishowe wakasaini karatasi: mashamba yanayopakana na shule yakatwe mabichi, yasichomwe kabisa. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi, na Mwasiti akaenda kuisoma siku tatu mfululizo kuhakikisha haijaondolewa.

Lakini watu wa Lumangu wana mchezo wao. Miwa ikishaungua haingoji. Zikipita siku mbili tatu bila kufika kiwandani, utamu wake unashuka. Kwa hiyo shamba likiungua kabla ya zamu yake ya kukatwa, chama kinalazimika kulirusha mbele ya foleni. Basi kila mwaka utasikia shamba la fulani, aliyekuwa mkiani kabisa mwa orodha, limeshika moto lenyewe. Wanauita moto wa bahati mbaya, na wanauita hivyo bila hata kucheka. Ni bahati mbaya yenye akili sana hiyo. Haijawahi kuunguza shamba la mtu ambaye zamu yake ni kesho.

Sasa shikeni siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, watoto wako darasani. Mzee Matimbwa alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya. Aliogopa miwa yake isimame shambani hadi mwaka ujao. Akarusha vumbi, vumbi likaelekea mferejini, mbali na shule. Akawasha. Haukupita muda upepo ukageuka, moshi ukalimeza eneo zima la shule.

Mwasiti alikuwa ng'ambo ya mfereji akipalilia na wanawake wenzake. Aliona moshi ukipanda, akajua umetoka wapi, jembe likamtoka mkononi. Daraja lilikuwa upande wa pili wa moto. Alikimbia kulifuata akarudishwa na joto, akajaribu kuingia majini wakamshika, akawapiga waliomshika. Mwisho akasimama pale ukingoni, mbele ya wanawake zaidi ya ishirini, akala kiapo kwa sauti iliyokwaruza koo:

"Yeyote atakayenirudishia mwanangu, yeyote yule, Asumini atabeba jina lake!"

Kwa watu wa Lumangu hilo ni jambo zito. Mtu aliyetolewa kwenye mlango wa kifo hupewa jina la pili, jina la aliyemtoa. Wanaliita jina la pumzi. Huitwa mara tatu kwenye sikio lake, Ijumaa ya kwanza baada ya kuokolewa, na hubaki nalo mpaka kaburini. Pumzi ni moja, kwa hiyo jina ni moja, haligawanywi. Na yule mwokoaji mwenye jina huwa ndugu wa nyumba ya mtoto. Hatukanwi na nyumba ile, wala hashtakiwi na nyumba ile, kwa mtendaji wa kijiji wala mahakamani. Kumbukeni hilo la mwisho.

Siwema alifanya hivi. Moshi haujaonekana bado, yeye alishaunusa. Aliacha karai la mafuta jikoni, akaingia madarasani akipiga kelele. Walimu walidhani ni utani wake wa kila siku, akawavuta kwa mashati. Watoto wote wakatolewa hadi kiwanja cha mpira, ambako moshi ulikuwa mwepesi. Walipohesabiwa, Asumini hayupo. Kila mtu alitazama moshi mzito kule nyuma na hakuna aliyethubutu. Siwema alilowesha khanga yake kwenye ndoo, akaingia. Macho hayakumsaidia kitu, akafuata harufu ya mkaratusi peke yake, hadi nyuma ya vyoo vya shule, akamkuta mtoto amejikunja midomo ya bluu. Akamtoa hadi barabarani, akaanguka, hakuweza tena.

Lipala alifanya hivi. Alifika mbio akawakuta pale barabarani. Zahanati ilikuwa mbele, na barabara yake inapita katikati ya miwa, na moshi ulikuwa umeilalia barabara yote. Ukivuta pumzi mle ndani, umekwisha. Lipala alimfunika mtoto uso kwa ile khanga mbichi, akamtupa begani, akavuta hewa mara moja akaifungia. Alikimbia hatua mia tatu na zaidi bila kupumua. Macho hayaoni, akaifuata barabara kwa nyayo zake kama anavyoifuata kila siku akirudi kazini.

Mzee Matimbwa alifanya hivi. Kule mwisho wa barabara, kwenye kona, moto ulikuwa unarukia shamba la pili. Ungeruka, kona ingefungwa, na Lipala angekimbilia ndani ya tanuri. Matimbwa aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Aliwasha moto wa pili kuula ule ukanda wa kona, ili moto mkubwa ukifika usikute kitu. Kisha akaingia katikati ya mioto yote miwili, akawa anang'oa miwa inayowaka kwa mikono mitupu. Ngozi ilimchunika hadi kwenye viwiko. Kona ilibaki wazi kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Katika hesabu hiyo ndipo Lipala alipopita.

Nesi wa zahanati alimwekea mtoto mashine ya mvuke wa dawa. Baadaye watu walipomtaja alikataa. "Mimi nilifanya kazi yangu ya kila siku, jina msinihusishe," alisema. Mwasiti alipofika, matope hadi kiunoni, Asumini alifumbua macho akasema, "Mama, kiatu changu kimoja kimebaki kule." Mwasiti alicheka, akalia, na kilio kilipokauka hasira ikashika nafasi yake.

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa uwanja wa ofisi ya chama, Asumini kwenye kiti, mama yake kasimama nyuma yake. Mlangoni ile karatasi bado ilikuwepo, imebabuka kwa jua.

"Bila pua yangu hakuna wa kubebwa," alisema Siwema. "Wangezika mtoto ambaye hawakujua hata alipofia."

"Bila mapafu yangu, dada Siwema, ungebaki umemkumbatia pale barabarani mpaka anapoa," alisema Lipala.

Mzee Matimbwa alikuwa amekaa, mikono imefungwa bandeji. "Bila mimi mngezika wawili," alisema taratibu. "Mama Asumini, ulisema yeyote. Wanawake hawa wote walikusikia."

Mwenyekiti wa chama akadakia, uso wake umekunjuka. "Kwa kweli mzee huyu ameungua mikono yote. Akipewa yeye, mambo yataisha kwa amani."

Amani! Mwasiti alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Jana yake tu alikuwa ameandikisha malalamiko kwa mtendaji dhidi ya Matimbwa. Jina likienda kwa Matimbwa, malalamiko yamekufa siku hiyo hiyo, na karatasi ya mlangoni imekufa pamoja nayo. Nani tena ataogopa kuchoma ukuta kwa ukuta na shule?

"Wewe ndiye uliyemziba pumzi!" alimwambia. "Unataka mwanangu aitwe Asumini wa Matimbwa? Kila akiitwa akumbuke kiberiti chako?"

"Niliwasha, sikatai," alijibu mzee. "Lakini muulize Lipala kwa nini. Mwezi uliopita niliwaomba wakataji wanikatie mibichi, kama karatasi inavyosema. Nani aliwasimamisha wenzake wakanigomea?"

Lipala alitazama chini. "Miwa mibichi inatuchana ngozi, mama Asumini. Ina nyoka. Nilisema hatukati. Sikusema achome."

"Ulitegemea afanye nini, aipulize ianguke?" Siwema alimrukia.

"Na wewe?" Matimbwa alimgeukia. "Asubuhi ile nilinunua maandazi manne kwako. Uliniambia nini?"

Siwema, yule asiye na breki, alijiziba mdomo kwa khanga. Ilibidi Mwasiti amsogelee.

"Nakuuliza, Siwema. Ulimwambia nini?"

"Nilinusa mafuta ya taa kwenye shati lake," alisema Siwema. "Nilimtania. Nilimwambia, mzee leo unanuka bahati mbaya. Tukacheka."

Mwasiti aliwatazama watatu hao mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kumtoa kifoni, na kila mmoja alikuwa amemsogeza kule kwanza. Alitamani kuwapiga wote. Alitamani kuwapigia magoti wote. Jambo hilo la kuwa na deni la shukrani kwa watu uliowakasirikia lilimchoma kuliko kitu chochote.

"Mmeniua na mmenifufua," alisema, "halafu mnanipa jina moja nigawe. Sawa. Nimeapa, sirudi nyuma."

Akainama. Akaweka mdomo kwenye sikio la Asumini. Watu wakanyoosha shingo. Mwenyekiti akaanza kutabasamu, Lipala akafumba macho, Matimbwa akainua ile mikono yake iliyofungwa kama anayeomba dua. Mwasiti akavuta pumzi ili aliite jina.

Ndipo Siwema alipoinua pua.

"Subirini," alisema. "Kuna mtu amewasha."

Mimi nimeishia hapo, maana ndipo Mwasiti alipo mpaka sasa: ameinama, mdomo sikioni, jina liko kwenye ulimi. Akimpa Siwema, anampa aliyenusa hatari akacheka. Akimpa Lipala, anampa aliyegoma kukata miwa mibichi na kumwachia mtoto moto. Akimpa Matimbwa, anatimiza kiapo neno kwa neno na kuufungua mlango wa kuchoma hadi dirishani kwa shule. Asipompa yeyote, kiapo chake hakina thamani, na mkorofi asiye na neno nani atamsikiliza ofisini mwaka ujao?

Sasa vichukueni vikombe vyenu. Endeleeni, kunyweni, sukari ipo ya kutosha, mnajua imetoka wapi. Kisha mniambie: jina hilo lingekuwa mdomoni mwako wewe, ungemwita nani? Na mjibu upesi, msije mkaniambia mnakwenda kulifikiria. Moshi umeshafika uwanjani, na mtoto ameanza kukohoa.