Bwawa Halipimwi Ukingoni

Bwawa halipimwi ukingoni. Leo asubuhi pale zahanati mmemsikia muuguzi akimwambia hivyo Mzee Kisuda, aliyedai ni mzima huku ameshika ubavu, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Basi kaeni, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu, na mimi nilikuwa ndani yake.

Siku hizo bwawa letu lilikuwa na mpimaji, Ntandu, mtu nadhifu mwenye daftari lililojalidiwa kwa gazeti. Kila Jumatatu alichuchumaa juu ya jiwe moja ukingoni, akateka maji kwenye chupa yenye dawa. Maji yakiwa na kinyesi, dawa ile huyageuza meusi baada ya siku mbili. Chupa za Ntandu hazikuwahi kugeuka. Miaka sita aliandika neno moja tu: safi. Tulimwamini, kwa nini tusimwamini? Bomba la kijiji lilinyonya maji katikati ya bwawa, chini kabisa, lakini hilo hakuna aliyelifikiria.

Kisha mwanangu Sekunda, wa miezi kumi, akaanza kuharisha. Akipata nafuu wiki hii, wiki ijayo anarudi kule kule. Macho yakamzama, akawa mwepesi hata nikawa napapasa mgongoni kuhakikisha yumo. Niliogopa, wajukuu zangu, niliogopa sana. Nikamwomba Ntandu chupa moja, nikakinga maji bombani. Siku ya pili yalikuwa meusi kama masizi.

Jumatatu nikamfuata pale jiweni pake.

"Shemeji, hii ni ya bombani."

Akaitazama. "Labda ndoo yako chafu."

"Ndoo ipi? Nimekinga kwa chupa yenyewe. Twende ukateke katikati, bomba linakonyonya."

"Hapa ndipo tunapopimia siku zote."

"Mwanangu hanywi ya hapa!"

Akafunga daftari lake. Nikadhani ni kiburi, nikawa tayari kummwagia maneno. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Mama Sekunda, sijui kuogelea. Maji mengi nayaogopa."

Mpima bwawa anaogopa maji! Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini. Siku ile nilimwambia tu, "Hata mimi sijui. Tutafute mpira wa tairi la trekta, unaelea."

Tukaazima mpira, tukaufunga kamba mbili, watu wakashika ng'ambo hii na ng'ambo ile. Ntandu akapanda mwenyewe, anasali kwa sauti, nasi tukamvuta taratibu hadi katikati. Akashusha chupa iliyofungiwa jiwe. Ilipogusa chini akavuta uzi wa kizibo, maji yakaingia. Alirudi na maji yanayonuka mayai viza. Kumbe chini kulijaa tope la samadi iliyoletwa na mvua za miaka yote, na pale jiweni pake palikuwa na chemchemi ndogo, ndiyo maana maji yake yalikuwa mazuri kila siku.

Tukachemsha maji ya kunywa wakati mafundi wakiliinua domo la bomba na kulifunga kwenye mapipa yanayoelea, linyonye maji ya juu. Ng'ombe tukawazuia kwa uzio wa miiba, wakanyweshwa kwenye birika refu la mifugo. Chupa za bombani zikaacha kugeuka. Sekunda akarudisha mashavu yake, na kabla ya mavuno alikuwa anatembea.

Tulidhani Ntandu ataacha kazi kwa aibu. Wengine walishamtafutia wa kumrithi. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama, daftari mkononi.

"Miaka sita nimepima ukingo, nikaandika bwawa," akasema. "Watoto wenu wameugua mimi nikiandika safi. Nisameheni. Mkinipa tena kazi hii, nipeni na ule mpira wa trekta, maana sasa najua: bwawa halipimwi ukingoni."

Mkono wa kwanza kunyooshwa kumrudishia kazi ulikuwa wangu.