Watu Arobaini Ukingoni

Mtu mmoja alikuwa na nishani ya ushujaa. Aliitwa Koplo Lihame. Vitani, kikosi chake kiliporudi nyuma, yeye aligeuka peke yake chini ya risasi, akawabeba wenzake wawili waliojeruhiwa, mmoja baada ya mwingine, hadi mahali pa salama. Alivikwa nishani mbele ya gwaride, na kijiji chake kikamchinjia ng'ombe.

Tangu siku hiyo kijiji kilipumzika. Nyumba ikishika moto, watu walisema, "Mwiteni Koplo." Chui akiingia zizini, Koplo. Aliyekufa kwa kipindupindu akikosa wa kumzika, Koplo. Naye alikwenda, miaka ishirini na sita, hata magoti yalipovimba na usingizi ukamkimbia. Mkewe alimsihi akatae, walau mara moja. Hakuweza. Kila aliporudi watu walimpigia makofi, na makofi yale yalizidi kumchosha.

Mwaka wa mvua kubwa, mjane mmoja, Bi Anzawe, alikuwa akivuka mto kutoka shambani, maji yakamzoa. Akaung'ang'ania mti katikati ya mkondo, hatua kumi na tano tu kutoka ukingoni. Watu arobaini walisimama pale wakimwona. Kamba walikuwa nayo. Wakatuma mtu kwa Koplo, wakangoja.

Koplo alikuja akiegemea fimbo, mwendo wa saa nzima. Alipofika, mti ulikuwepo, mjane hayupo. Watu walimpisha kwa heshima, na mzee mmoja akamwambia, "Pole, Koplo. Umechelewa kidogo tu."

Aliitazama ile kamba. Ilikuwa bado imeviringishwa, kavu. Akaketi kwenye tope. Kisha akasema, "Siku ile vitani nilitetemeka hata nikajikojolea. Nilirudi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kurudi. Ninyi mlikuwa arobaini."

Ikabidi wamnyanyue, maana mwenyewe hakuweza tena kusimama.

Ndugu zangu, mnapomsifu mtu mwema kwa sauti kubwa namna hii, je, mnamheshimu, au mnamtuma aende badala yenu?