Mstari Mwekundu Nyuma ya Nyumba ya Dobi

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wahenga waliitunga methali hii kumwonya mtu anayelisemea jambo ambalo hajalifikia undani wake. Mpimaji mmoja, aliyepachikwa jina la utani la Rula kwa kupenda kunyoosha mistari, aliijua tangu darasani na hata katika mtihani aliieleza vizuri. Kumbe kujibu mtihani ni jambo moja na kuyafika maji ni jambo jingine.

Rula alichora ramani katika idara ya maji. Tangi la kituo cha mafuta lilipotoboka chini kwa chini na ardhi ikaanza kunywa petroli, yeye ndiye aliyetumwa kuonyesha uchafu ulikofika. Alichimba vishimo vya kupimia huku na huku mtaani, akachota maji, akayapeleka maabara. Majibu yaliporudi, alivizungushia vishimo vichafu kalamu nyekundu. Mstari ukapita nyuma kidogo ya nyumba ya shangazi yake, dobi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ukaiacha upande wa maji safi.

Uani kwa dobi hakukuwa na kishimo hata kimoja. Shangazi alikuwa ametoka kuumwagia saruji, bado inang'aa, na Rula aliona haya kuitoboa. Kishimo cha karibu kilikuwa safi, basi akajiambia kwamba kisima cha shangazi nacho kitakuwa safi. Alitaka angalau aache pale mstari wa nukta nukta, alama ya mahali pasipo na hakika, lakini mkuu wake akakunja uso.

"Nukta nukta ndiyo nini? Watu wanataka kujua wanywe au wasinywe!"

Rula hakupenda kuonekana hajui. Akaukaza mstari.

Ramani ikabandikwa. Visima vya ndani ya mstari vikafungwa, na mtaa mzima ukahamia kwa dobi. Furaha ya shangazi, usipime! Pampu ilinguruma kutwa, ndoo zikapangana hadi barabarani, na kila aliyechota aliambiwa, "Ramani kaichora mwanangu. Kunywa bila wasiwasi."

Baada ya wiki kadhaa, Rula alimkuta shangazi ameketi uani, shati jeupe magotini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu nusa hili."

Rula akanusa. Petroli.

"Mteja kanirudishia," shangazi akasema. "Anauliza kama siku hizi nafulia gereji. Nikamwambia pua yake mbovu. Kisha nikanusa mwenyewe." Akalikunja shati. "Mwanangu, na watoto wa watu waliokunywa?"

Rula alielewa papo hapo. Maji ya ardhini hayatulii kama maji ya beseni. Pampu ile, kwa kuvuta kutwa, iliyavuta na machafu ya upande wa pili wa mstari. Huenda siku ile ya vipimo kisima kilikuwa safi, huenda hakikuwa. Hakujua, maana hakupima.

"Nilikuonea huruma, shangazi. Saruji ilikuwa mpya."

"Ukaihurumia saruji, ukayasahau matumbo yetu?" Shangazi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Rula zaidi. "Ungeniambia, ningeivunja mwenyewe."

Akainuka, akazima pampu. Wenye ndoo walipoanza kunung'unika, Rula alisimama mbele yao akawaeleza kosa lake bila kupindisha neno, akawaomba waliokunywa waende zahanati wakapimwe. Kisha shangazi akatoka ndani na nyundo kubwa, akaipasua saruji yake mpya. Kishimo kilipochimbwa pale, harufu ilitangulia maji.

Ramani ya pili ilikuwa na wekundu, na kando yake eneo kubwa jeupe lililoandikwa "Hapajapimwa". Mkuu alikunja uso tena. Safari hii Rula alimwacha aukunje.

Ilipobandikwa, jirani wa ng'ambo ya barabara alimwita.

"Mpimaji, na kwangu je? Ninywe?"

Zamani Rula angenyoosha kidole ramanini. Alimtazama shangazi yake, ambaye sasa alifulia maji ya kuletwa kwa gari.

"Sijui," akasema. "Usinywe kwanza, mpaka tupachimbe."

"Hapo sasa umekua," shangazi akasema, akaingia ndani kuifuata nyundo yake. Wakavuka barabara pamoja, kwani maji usiyoyafika hujui wingi wake.